Mlafi ni Nani?



Lugha yetu ina maneno mengi ya kumwita mtu apitaye kiasi katika kula. Yuko mlafi, neno lililo jamaa moja na kulafua, ndiko kula kwa pupa. Yuko mroho, nalo latokana na roho, neno la Kiarabu lenye maana ya uhai. Lakini Waswahili wameliteremsha hata kooni, ndipo tukasema mtu kakabwa roho, kisha likawa tamaa ya chakula. Yuko na mdoezi, aendaye kwenye vyakula vya watu bila ya kualikwa. Huyo Waarabu humwita tufaili, kwa jina la Tufail, mtu wa Kufa aliyejulikana kwa kuhudhuria karamu asizoitwa.

Maneno yote haya humtazama mlaji na mkono wake. Lakini Qurani yatufundisha neno jingine, israfu, ambalo asili yake ni kupita mpaka. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu. Neno hilo hilo amelitaja katika Suratun Nisaa, aya ya 6, alipowaonya walezi wasile mali ya mayatima. Basi mtu aweza kula matonge matatu tu akawa amepita mpaka, iwapo matonge hayo si haki yake.

Nasema haya nikijilaumu nafsi yangu kwanza. Niliitwa kusoma hitima katika nyumba moja ya Kibokoni, hapa Mji wa Kale. Pilau ikaletwa, sinia baada ya sinia, tukala tukashukuru. Nilipotoka nikamkuta mtoto wa marehemu amekaa dakani, akingoja masinia yarudi apate yaliyosalia. Baadaye nikajua kwamba fedha za karamu ile zilitoka katika mali ya marehemu kabla ya kugawiwa urithi, na ndani yake limo fungu la mtoto yule. Nilialikwa, nilikula kwa adabu, wala hapana aliyeniita mlafi. Lakini ni jina gani jingine linifaalo?

Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume wetu (S.A.W.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeigeuza Sunna hiyo miguu juu kichwa chini: wafiwa ndio wapikao, na majirani ndio walao.

Basi na tuanze mtaani mwetu. Akifiwa jirani, sinia litoke kwetu liende kwake. Na tukialikwa penye yatima, tuulize kabla ya kunawa mikono: chakula hiki ni mali ya nani?

Mwenyezi Mungu atuepushe na kula haki za wanyonge. Amin.