Jicho la Angani na Deni la Kujua

Picha ya setilaiti humwezesha mtu aliye mbali kuona maji yaliyotuama katika bonde ambalo hajawahi kulikanyaga, na uwezo huo huzusha swali ambalo sayansi peke yake haiwezi kulijibu: anayejua mahali mbu wanapozaliana anadaiwa nini na watu watakaoumwa nao?

Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa bure picha ambazo, katika zile zenye maelezo ya ndani zaidi, kila pikseli, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, huwakilisha mraba wa mita 10 kwa 10. Maji hufyonza miali ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hivyo hutokea meusi katika picha na kujitenga na ardhi kavu. Hata hivyo, Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu waenezao malaria, hupendelea vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua, kama vile mashimo ya wafyatua matofali na nyayo za ng'ombe, ambavyo vingi havifikii ukubwa wa pikseli moja. Setilaiti, basi, haioni viluwiluwi vya mbu; huona mahali vinapoelekea kupatikana, na huko Kivu, mashariki mwa Kongo, hata hapo mawingu huziba mara nyingi. Mwenye picha ana dhana nzuri, hana yakini, na dhana hiyo haithibitiki mpaka mtu ashuke bondeni.

Je, dhana hiyo yatosha kumtia mtu deni? Waumini wa Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, huko huko Kivu, kama Wakatoliki wengine, huungama katika Misa makosa ya mawazo, maneno na matendo, pamoja na kosa la kutotimiza wajibu. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino alilifafanua kosa hili la mwisho kwa wazo la deni: mtu hakosi kwa kuacha kila jema linalowezekana, bali kwa kuacha jema analodaiwa. Je, mtafiti wa mbali anadaiwa? Anadaiwa, kwa kuwa aliyewafanya watu kuwa somo lake amekwisha kuingia nao katika uhusiano, wawe wamemwalika au la.

Mji wa Beni unalijua deni hili kwa uchungu. Mlipuko wa Ebola katika eneo hilo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kabla ya kumalizika Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200 katika eneo zima la mlipuko. Novemba 2018 ilianzishwa kampeni ya dawa za malaria na vyandarua, iliyokusudia kuwafikia hadi watu 450,000 mjini Beni, kwa sababu homa ya malaria hufanana na mwanzo wa Ebola na wagonjwa wake walikuwa wakiwalemea wahudumu. Kampeni hiyo ilikuwa jema la kweli. Lakini watu waliokuwa wakizika jamaa zao waliouawa katika mauaji ya halaiki tangu Oktoba 2014 waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini ulimwengu uliona virusi upesi hivyo na usione mapanga.

Swali hilo linaihusu pia setilaiti inayopita juu ya eneo lilelile. Ramani ya mazalia ya mbu itapokelewa kwa haki pale tu wakuu wa mitaa, wauguzi na wafyatua matofali watakapoiona kwanza na kuwa na mamlaka ya kuisahihisha. Na shimo lililomlisha mfyatua matofali likitiwa alama ya hatari, aliyelitia alama hana budi kuchangia gharama ya kulifukia.