Je, Kusalimu Amri ni Aibu?

Wazee wetu walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tuliifundisha methali hii miaka mingi, na wanafunzi walitakiwa kueleza maana yake kwa mistari mitano. Sisi twaona yastahili mistari mingi zaidi, maana wako watu huitumia kumsema askari aliyerudi mzima kutoka vitani.

Na tuitazame habari moja ya kweli. Septemba 1961 kombania moja ya askari wa Ireland, watu zaidi ya 150, ilikuwa Jadotville katika jimbo la Katanga, mji ambao leo waitwa Likasi. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960, na askari hao walikuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Walitumwa kuwalinda wazungu wakazi wa mji ule. Walipofika wakaona wakazi wenyewe hawawataki. Kamanda wao, Pat Quinlan, akawaamuru wachimbe mahandaki. Asubuhi ya tarehe 13 wakashambuliwa wakati wengi wao wakiwa katika Misa.

Wakazingirwa hadi tarehe 17. Askari wa Katanga na mamluki wao waliwazidi mara nyingi kwa idadi, tena walikuwa na ndege ya kivita. Wenzao waliokwenda kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Helikopta moja ilifika na maji, lakini madumu yale yalikuwa yametiwa mafuta hapo kwanza, na maji hayakunyweka. (Uzembe mdogo wa stoo humfikia mtu aliye mbali sana.) Risasi zilipokwisha, na maji pia, Quinlan akasalimu amri. Baadhi ya watu wake walijeruhiwa. Hakufa hata mmoja. Walishikwa mateka, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba.

Kwao hawakupokewa kama mashujaa. Jina la Jadotville likawa neno la dhihaka jeshini. Quinlan alipendekeza wengi wa askari wake wapewe nishani kwa ushujaa wao katika mapigano yale, na hakupewa mtu.

Sasa, anayesema kwamba askari wa amani hana ruhusa ya kuinua mikono, hoja anayo, wala tusimdharau. Julai 1995 askari wa Uholanzi, nao wa Umoja wa Mataifa, walikuwa Srebrenica katika Bosnia, mahali palipotangazwa kuwa pa usalama. Walikuwa wachache, na msaada walioutaka haukuwafikia ipasavyo. Mji ukatekwa, na wanaume na wavulana wapatao 8,000 wakauawa. Mtu aliyempoteza mwanawe pale hataki kusikia kwamba askari walikuwa wachache.

Kwa hiyo swali si kama askari alisalimu amri. Swali ni nani alikuwa nyuma yake alipoacha silaha. Nyuma ya Quinlan hapakuwa na raia aliyemtegemea aokoke. Palikuwa na vijana wake tu, wana wa watu, wenye kiu. Kama angeendelea hadi wa mwisho wao aanguke, angelinda nini? Sifa ya jeshi, labda na jina lake mwenyewe. Nasi twasema wazi: kamanda anayenunua jina lake kwa damu ya watoto wa wenzake si shujaa, hata akijengewa mnara. Wala kuacha vita hakukuwa njia rahisi, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba mateka hawatauawa.

Hata hivyo jambo moja latusumbua kuliko hilo la kamanda, nalo ni sisi tunaobaki nyumbani. Kwa nini twahesabu ushujaa kwa majeneza? Askari wetu wa Tanzania waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, Desemba 2017, tuliwalilia kwa haki. Lakini kijana aliyerudi kutoka Kongo akiwa hai, anayekaa barazani bila kusema neno, ni nani aliyemwuliza habari zake?

Nishani za Jadotville zilitolewa mwaka 2017, miaka 56 baada ya vita. Quinlan alikuwa amefariki 1997. Kwa wengi wao, waliokwenda kuzipokea ni wajane na watoto.