Mchokozi na Ukuta

Tarehe 25 Desemba 2007, katika bustani ya wanyama ya San Francisco, Marekani, chui milia jike aitwaye Tatiana aliruka nje ya boma lake, akamwua kijana wa miaka 17 na kuwajeruhi wenziwe wawili. Polisi wakampiga risasi, akafa. Kisha yakazuka mabishano: je, vijana wale walimchokoza? Yasemekana walipanda juu ya kizuizi, wakapiga kelele na kumpungia mikono.

Haya, tuseme walimchokoza. Kumdhihaki kiumbe aliyefungwa ni utovu wa adabu, wala simtetei afanyaye hivyo. Lakini, ndugu msomaji, ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya nani? Mpole hupita, akatazama, akaenda zake. Ukuta hujengwa kwa sababu wapumbavu wapo, na watoto wapo. Nao ulikuwa na kimo cha karibu meta 3.8 tu, ilhali kipimo kilichopendekezwa na chama cha bustani za wanyama cha huko kilikuwa meta 5. Tena mnyama huyohuyo alikwisha kumrarua mtunzaji wake mkono Desemba 2006.

Waliosema "alijitakia" walisahau kwamba kosa lina kiasi chake. Mwanafunzi mwenye kejeli huadhibiwa na mwalimu, hahukumiwi kufa. Na kwa kusahau hivyo wakamtua mjenzi mzigo wake. Chui naye hakuvunja sheria yoyote, kwani hakuwekewa sheria bali ukuta.

Ukuta huo uliongezwa kimo mwaka 2008.