Chambo na Ndoana



Chuo cha UMCA kilipohamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kuja Minaki, Kisarawe, mwaka 1925, kilikuja na jina la Mtakatifu Andrea. Andrea alikuwa mvuvi. Basi si ajabu kwamba sisi wa Kisarawe na Kibaha, tulio jirani na Mto Ruvu, tuulizane swali la wavuvi: je, ni halali kumdanganya samaki?

Swali hilo lachekesha, lakini tusilipuuze. Nchini Kenya wako mafundi wanaopata riziki kwa kutengeneza nzi wa bandia. Fundi huibana ndoana ndogo kwenye jiliwa, huizungushia uzi, manyoya ya jogoo na ya sungura, hata ikafanana na mdudu mwenye mabawa na miguu. Nzi hao huuzwa hata ng'ambo, kwa wavuvi wa samaki aitwaye trauti. Kenya yenyewe trauti alipandikizwa mwaka 1905 katika Mto Gura, milima ya Aberdare, kwa mayai yaliyoletwa kutoka Scotland.

Ufundi huu ni wa kale. Aelianus wa Roma, yapata mwaka 200 B.K., alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoana. Tena Mwanglikana mwenzetu, Izaak Walton, aliyeandika maisha ya mapadre John Donne na George Herbert, ndiye aliyetoa kitabu mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Winchester. Yeye hakuona kwamba ndoana na sala ni maadui.

Nasi twaona hivyo. Uongo ni kuivunja imani ya mtu aliyekuamini. Samaki hatukumwahidi neno, wala fundi hamwambii mnunuzi kwamba nzi wake ni mzima. Kazi yake ni halali.

Lakini tuwatazame wavuvi wetu wa Ruvu. Kambale, ambaye mkubwa na mdogo wote wana sharubu, huishi kwenye maji ya tope. Hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa, na manyoya ya jogoo hayamshughulishi. Yeye hutegwa kwa nyungunyungu. Hapo hakuna bandia: nyungunyungu ni wa kweli na utamu wake ni wa kweli. Hata hivyo kambale huishia kikaangoni. Basi twajifunza kwamba hila haimo katika chambo, imo katika ndoana iliyofichwa. Hata kitu cha kweli chaweza kuwa chambo.

Hapa ndipo swali linapotugeukia sisi. Mji wa Dar es Salaam umepanuka, na mashamba ya Kibaha na Kisarawe yamekuwa na thamani. Mtu humtembelea mzee asiyejua kusoma, humletea mchele na sukari, humwita baba. Mchele ni wa kweli. Siku moja mzee hutiwa wino kidoleni, naye hugundua baadaye kwamba ameuza minazi ya watoto wake. Je, yule mgeni alisema uongo? Pengine hakusema hata mmoja. Alificha ndoana tu.

Wala tusiwanyoshee wengine vidole. Tunapompelekea mgonjwa uji, ni kwa sababu ana njaa, au ili aone haya asipokuja kanisani? Tukimwahidi kijana kazi ili aingie darasa la wakatekumeni, tumemvua kwa chambo gani?

Mtu atasema: mbona mama humpa mtoto sukari apate kumeza dawa? Kweli, lakini dawa ni kwa faida ya mtoto, na akikua mama atamweleza bila haya. Ndoana ni kwa faida ya mvuvi. Basi kipimo chetu ni hiki: je, naweza kumwonyesha jirani yangu kila kilichomo ndani ya zawadi hii, naye akaipokea?

Bwana wetu hakuficha. Waliotaka kumfuata aliwaambia habari za msalaba mapema, akawataka wahesabu gharama kama mtu ajengaye mnara (Luka 14). Andrea na nduguye walipoitwa kuwa wavuvi wa watu, mikononi mwao mlikuwa na wavu. Na baada ya kufufuka, Bwana aliwangoja wavuvi ufuoni, makaa yakiwaka, samaki na mkate vikiwa tayari, akawakaribisha wale (Yohana 21). Katika chakula kile hamkuwa na ndoana. Tunapobeba kikapu kwenda kwa jirani wiki hii, tukikague kwanza.