Mwanangu, Usikikatae Cheti

Mwanangu, nasikia unataka kuikataa nafasi ya cheti kwa sababu wenzako wameitwa shahada. Kaa kwanza. Maharage bado yako motoni.

Unakijua Chuo Kikuu Mzumbe, kule Morogoro, chini ya milima ya Uluguru? Hakikuzaliwa chuo kikuu. Mwaka 1953 Waingereza walifungua pale shule ya serikali za mitaa, wafunzwe machifu, madiwani na watumishi wa tawala za wenyeji. Enzi hizo kwetu Buha, huku Kigoma, tulikuwa chini ya mwami, yaani chifu. Kule Heru, Kasulu, alitawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa. Fikiria, mwanangu: shule ya machifu, na machifu hakuna tena! Mwenye pupa angefunga milango. Lakini pale walifunzwa mabwana maendeleo wa vijijini, mahakimu wa mahakama za ngazi ya chini, na watumishi wa serikali kuu. Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani, halmashauri nazo zikavunjwa. Mwaka huohuo shule hiyo ikaunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa IDM, yaani Institute of Development Management. Jina hilo ndilo tulilolizoea sisi. Kijana akishuka treni Kigoma na stashahada ya IDM, akapanda huku milimani, wazee walimpisha kiti.

Kuitwa chuo kikuu kulingoja sheria ya Bunge ya mwaka 2001. Hesabu mwenyewe, miaka 48. Na mpaka leo cheti kinafundishwa palepale, bila aibu.

Sisi wazee tuna lawama yetu. Tuliwajaza watoto wa hapa kwetu Munanila maneno kwamba asiye na shahada hakusoma. Nimewaona vijana wenye akili wakikaa nyumbani, kahawa inachumwa, inauzwa, inachumwa tena, wao wanangoja nafasi kubwa. Vyeti vyao vya kidato cha nne vikaota ukungu sandukuni. Inaniuma mpaka leo.

Ukifaulu cheti vizuri, utaomba stashahada. Ukifaulu stashahada, utaomba shahada. Ni njia ndefu, sikudanganyi, ila ina watu wengi waliofika.

Basi thibitisha nafasi hiyo kabla dirisha la udahili halijafungwa. Nauli tutaitafuta.