Apewaye Bure Adaiwa Nini?

Yako matendo mema ambayo hakuna athubutuye kuyalaumu, na kwa sababu hiyo hiyo hayachunguzwi. Mojawapo ni shule ya hisani ya watoto wadogo, ambamo mtoto wa mkata hupokelewa bila ada, hufundishwa, hunyweshwa uji, kisha hurudishwa kwao. Nani atasema kwamba jambo hili ni baya? Sisi pia hatusemi hivyo. Walakini leo twataka kuuliza swali ambalo walimu wa shule hizo hukutana nalo mlangoni kila asubuhi: Je, apewaye bure adaiwa kitu? Na kama adaiwa, alipe nani, mzazi au mtoto?

Tuanze mbali kidogo, kwa mfano unaojulikana. Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, ilifunguliwa shule ndogo katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, ikaitwa Nyumba ya Watoto. Mtaa ule ulikuwa wa mafukara. Shirika moja lilikuwa limetwaa majumba yaliyochakaa, likayatengeneza na kuyapangisha. Lakini baba na mama walikwenda kazini mchana kutwa, na watoto ambao hawajafikia umri wa kusoma waliachwa peke yao, wakawa wanachafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba wakaona heri wawakusanye katika chumba kimoja, ndani ya jengo lile lile, chini ya mlezi mmoja. Wakamwomba Daktari Maria Montessori, aliyekuwa na miaka 36, aisimamie kazi hiyo.

Tusicheke kwamba shule iliyokuja kusifiwa duniani kote ilizaliwa kwa ajili ya kuta na ngazi. Mengi mema huanza kwa hesabu za fedha. La maana ni yale yaliyofuata.

Shule ile ilikuwa na kanuni zake. Mzazi hakulipa ada, lakini alifungwa na masharti. Ilimpasa kumleta mtoto kwa saa iliyowekwa, mwili wake na nguo zake safi. Ilimpasa kumheshimu mlezi, na kuonana naye angalau mara moja kwa juma ili amweleze mwenendo wa mtoto nyumbani na kupokea mashauri yake. Naye mlezi alikaa katika jengo lile lile, jirani ya wazazi. Mama aliruhusiwa kuingia shuleni saa yoyote. Tena Montessori alifundisha kwamba Nyumba ya Watoto ni mali ya wapangaji wenyewe, maana huendeshwa kwa sehemu ya kodi waliyolipa.

Hapo twaona hekima kubwa. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo ili kumfukuza mgeni. Apewaye jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na aweza kula bila kuinamisha macho. Bali apokeaye tu, siku zote, bila kuulizwa neno, hubaki mgeni hata akikaa miaka 10. Basi kwa swali letu la kwanza twajibu: ndiyo, mzazi adaiwa. Kumdai ni kumheshimu. Shule isiyomwuliza mama kitu humwambia kimya kimya kwamba yeye si kitu katika malezi ya mwanawe.

Lakini kanuni zile za Roma zilikuwa na upande wa pili. Mtoto aliyekuja bila kunawa, au na nguo chafu, aliweza kufukuzwa. Hali kadhalika mtoto ambaye wazazi wake walikosa heshima kwa wahudumu wa shule. Hapo sisi twasita. Mtoto wa miaka 4 hanunui sabuni, wala hafui nguo zake, wala hauchagui ulimi wa baba yake. Mdaiwa ni mzazi, kumbe alipaye ni mtoto. Tena shule ile ile ilifundisha watoto kunawa. Yawaje basi shule ifundishayo usafi imfungie mlango yule aliyeukosa?

Jambo hili si la Roma tu. Hapa Tanzania, darasa la awali katika shule za serikali kwa kawaida humpokea mtoto wa miaka 5. Mama auzaye mboga sokoni tangu alfajiri, mwenye mtoto wa miaka 3, hutegemea jirani au chekechea ya hisani. Na chekechea hiyo, ingawa haitozi ada, huhitaji mahindi ya uji, kuni na sabuni.

Waendeshaji watatujibu: “Bila masharti hakuna shule. Tukimsamehe mmoja leo, kesho watakuwa 10, na keshokutwa sufuria itakuwa tupu.” Hoja hii si ya watu wakatili. Ni ya watu waliochoka, wafanyao kazi kwa mshahara mdogo, nasi hatuidharau. Hata hivyo, sisi wenyewe tulipata kusimama penye mlango wa shule moja ya namna hii, tukamwona mtoto akirudishwa kwao kwa kukosa kibaba cha mahindi. Hakulia. Alikishika kikombe chake akaondoka, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Hatukusema neno, na kunyamaza kwetu kwatusuta hata leo.

Montessori mwenyewe alisimulia kwamba siku moja aliwafundisha watoto namna ya kupenga makamasi kwa utulivu na adabu. Alipomaliza, watoto wakampigia makofi mengi. Akastaajabu, kisha akaelewa. Watoto wale walikuwa wakikaripiwa kila siku kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyepata kuwafundisha bila kuwaaibisha. Mtoto wa fukara ana aibu tele, shule isimwongezee.

Kwa hiyo twasema: mzazi adaiwe, mtoto asifukuzwe. Mama asiye na mahindi alete mzigo wa kuni. Asiye na kuni afagie uwanja au akoroge uji siku moja kwa juma. Mtoto ajaye mchafu aoshwe pale pale, bila kelele, kisha mwalimu afike nyumbani kwao jioni aone kuna nini. Huenda atakuta uvivu; huenda atakuta mama mgonjwa. Na mzazi akikataa kabisa, aonywe yeye, si mwanawe. Wako watakaotumia nafasi hiyo kudanganya. Na wadanganye. Hasara ya vibaba vichache vya mahindi yaweza kufidiwa. Hasara ya mtoto aliyejifunza mlangoni kwamba hatakiwi, haifidiwi.

Neno la mwisho ni kwa sisi tutoao. Tunapokwenda kuitembelea shule tuliyoisaidia, mara nyingi watoto hupangwa mistari juani, huimba nyimbo za kutushukuru, hupigwa picha wakiwa wameshika madaftari tuliyowapa. Hayo nayo ni malipo, na wanaolipa ni watoto. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka kwa siri. Siku tutakapofika shuleni, na watoto wakaendelea na michezo yao bila kujua sisi ni nani, ndipo tutakapojua kwamba tumetoa kweli.