Picha Hiyo ni ya Nini?

Swali la mwezi huu laweza kuonekana dogo. Je, yafaa kupiga picha mahali palipowekwa kumbukumbu ya watu waliouawa, na kama yafaa, ni kwa ajili ya nini? Swali hili hatukulitoa vitabuni. Tuliulizwa na mama mmoja mzee katika mji wa Montgomery, Jimbo la Alabama, Marekani, na jibu tulilompa latusumbua hata sasa.

Tulikuwa tumekwenda Atlanta kumtazama binti yetu na wajukuu. Mjukuu wetu mkubwa, kijana wa miaka 15, alipoona tunashinda sebuleni kama mizigo iliyosahauliwa stesheni, akatuandikisha katika zoezi alilokuwa akilifanya na rafiki zake kwa simu. Masharti yake ni mepesi. Kwa siku 30, kila asubuhi hutolewa neno moja, na kabla ya kulala kila mmoja hupeleka picha moja inayohusu neno hilo, na wenzake huitazama na kuisifu. Mwalimu aliyestaafu akipewa kazi ya nyumbani hufurahi kuliko mwanafunzi, basi tulilishika zoezi kwa bidii. Wala hatulidharau. Siku ya neno “kivuli” ndipo tulipogundua kwamba mti ulio mbele ya nyumba ya binti yetu umekauka upande mmoja, nasi tulikuwa tumeupita kwa wiki mbili bila kuuona.

Siku ya 17 neno lilikuwa “maji”, na siku hiyo binti yetu alitupeleka Montgomery, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari.

Huo ndio mji ambamo Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na watu weusi wakayasusa mabasi kwa siku 381. Kumbukumbu yenyewe iko katika barabara ya Washington, si mbali na kanisa alilolichunga Martin Luther King. Ilibuniwa na Maya Lin, ikafunguliwa mwaka 1989. Ni meza ya mviringo ya jiwe jeusi, na ukingoni mwake yamechongwa, mfano wa uso wa saa, majina ya watu wapatao 40 waliouawa katika kupigania haki za raia, pamoja na mambo makuu ya miaka ile, tangu 1954 hata kifo cha King tarehe 4 Aprili 1968. Maji hutoka katikati ya meza na kutambaa juu ya majina yote, membamba mno, hata ukiwa mbali waweza kudhani ni kioo. Nyuma pana ukuta wenye maneno aliyoyatumia King kutoka kwa nabii Amosi, juu ya haki na maji. Kugusa hakukatazwi. Ukiweka kidole juu ya jina maji hugawanyika, na ukikiondoa hurudi.

Tulitafuta kwanza jina la Jonathan Daniels, kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Alikuwa akisomea ukasisi katika Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani. Tarehe 20 Agosti 1965, huko Hayneville, Alabama, yeye na wenzake walitoka gerezani walikowekwa kwa sababu ya maandamano, na wachache wao wakaenda dukani kununua soda. Mlangoni palikuwa na mtu mwenye bunduki, askari wa wilaya, akamwelekezea msichana mweusi wa miaka 17, Ruby Sales. Daniels akamsukuma kando, risasi ikampata yeye, akafa akiwa na miaka 26. Wazee wa baraza wa mahakama, weupe watupu, wakamwachilia muuaji.

Tulikuwa tungali tumeinama hapo tulipomwona yule mama. Alikuwa mweusi, amevaa kofia ya kuendea kanisani, amesimama upande wa pili wa meza na kidole chake kiko juu ya jina moja. Maji yalikipita kidole huku na huku, yaking’aa kwa jua. Tukajiambia, picha ya leo ndiyo hii. Tukainua simu tukapiga. Akainua macho, akauliza kwa upole, “Picha hiyo ni ya nini?”

Tukajibu, “Ya maji.”

Lilikuwa jibu la kweli. Akatikisa kichwa polepole, akarudia kulitazama jina lile. Nasi tukaondoka bila kumwuliza ni la nani. Katika picha kidole chake kimelifunika. Usiku ule tuliipeleka, ikasifiwa kuliko zote tulizowahi kupeleka.

Wapo watakaosema kwamba mahali pa msiba picha ni kosa tangu mwanzo. Hatukubali. Katika meza ile ile mna jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyeuawa huko Mississippi mwaka 1955. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Alitaka watu wauone uso wa mwanawe ulivyofanywa, akaruhusu upigwe picha, na gazeti la Jet likazichapa. Maelfu walioziona hawakuweza tena kusema hawajui. Picha zile zilikuwa za kutisha kuliko yetu mara elfu, na bado tunaamini mama yule alifanya haki. Maiti ilikuwa ya mwanawe, uchungu ulikuwa wake, na kama mtu angemwuliza picha hizo ni za nini, alikuwa na jibu. Sisi tulichukua uchungu wa mtu mwingine, bila ruhusa, tukautia katika kazi ya nyumbani.

Mjukuu wetu alitupinga, na twampa haki yake. “Babu,” alisema, “rafiki zangu wameuliza pale ni wapi, nikawaeleza habari za Daniels. Walikuwa hawajui kabisa.” Neno lake ni zito. Vijana wale wanakaa karibu hivyo na Hayneville, nao wamelijua jina hilo kwa sababu ya picha yetu. Lakini mema hayo sisi hatukuyakusudia. Yule mama alipouliza, tungalikuwa na fikira ya kuwajulisha wengine tungalisema hivyo. Tulikuwa na maji tu.

Hata hapa nyumbani tumeyaona haya. Huko Mkunazini, Zanzibar, kando ya kanisa kuu letu, mna shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, na wageni hujipiga picha mbele yake wakicheka. Twawalaumu upesi. Na makaburini kwetu je, jeneza linaposhushwa, simu ngapi huinuliwa juu ya vichwa vya wafiwa? Tumejiuliza kama wenye simu hizo, wakiulizwa na mjane, wangekuwa na jibu bora kuliko letu.

Tulimwomba kijana aiondoe ile picha kwa wenzake, akaiondoa, ingawa kwa kununa kidogo. Siku ya 18 neno lilikuwa “mlango”. Tukamwendea binti yetu jikoni, tukamwomba ruhusa ya kupiga picha ya mlango wake. Akatucheka sana, akauliza ni ya nini, tukakaa naye tukamweleza mpaka chai ikapoa.